Baada ya Makofi

Vyama vingi vya kujitolea vinajua kumpokea mtu kwa muda wa saa moja. Jina linasomwa, mgeni anasimama, anapigiwa makofi ya kilo, anavishwa fulana, anapigwa picha kati ya mwenyekiti na katibu, soda zinafunguliwa. Jioni ileile anaunganishwa kwenye kundi la WhatsApp, na salamu za karibu zinamiminika mpaka simu inapata moto. Kisha inafika Jumamosi ya pili, isiyo na soda. Mgeni anakuja saa tatu kamili kama alivyoambiwa. Wenyeji wanajua kwamba saa tatu ya chama chao ni saa nne na robo. Yeye hajui, na hakuna aliyewaza kumwambia. Anakaa kwenye benchi, anachezea simu. Wakifika wanamsalimia vizuri, wanamuuliza habari za nyumbani, halafu wanarudi kwenye mazungumzo waliyoyaacha wiki iliyopita. Jumamosi ya tatu ana udhuru. Ya nne ana udhuru mwingine.

Ukiwauliza viongozi, watakwambia vijana wa siku hizi hawana moyo wa kujitolea. Huenda wapo wa namna hiyo. Lakini mtu asiye na moyo hakai kwenye benchi saa nzima akisubiri watu asiowajua. Tatizo, kwa maoni yangu, ni kwamba wenyeji wanachukulia mapokezi kama shughuli ya siku moja: ikishafanyika, imekwisha. Kwa mgeni makofi yale yanafungua kipindi kigumu ambacho hana kazi, hana historia na wenzake, wala hana ujasiri wa kuuliza. Mtu huwa mwanachama kweli siku asipofika na jambo fulani likakwama. Kabla ya hapo ni mtazamaji aliyelipa kiingilio. Kwa hiyo kipimo cha mapokezi ya chama ni muda: itachukua wiki ngapi mpaka kutokuwepo kwa huyu mpya kuonekane?

Tuanze na kikao chenyewe, maana ndipo wageni wengi wanapopotelea. Ajenda ya kawaida inajulikana kila kona ya nchi: kufungua kikao, kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa ya mweka hazina, mengineyo, kufunga. Ni ajenda yenye nidhamu. Ila imetengenezwa kwa ajili ya waliokuwepo mara ya mwisho. Yatokanayo peke yake inaweza kula dakika arobaini: turubai lililoazimwa na watu wa mtaa wa pili limerudi au bado, barua ya mtendaji ilijibiwa vipi, fundi alipewa nusu ya pesa au yote. Kiswahili chote ni chepesi, na mgeni hashiki lolote. Hakuna aliyemtenga kwa makusudi; ametengwa na habari ambazo kila mtu chumbani anazo isipokuwa yeye. Atatingisha kichwa, atacheka wenzake wakicheka, na akirudi nyumbani hataweza kumweleza mtu chama kilikuwa kinazungumzia nini.

Robo saa kabla ya kikao inatosha kurekebisha hilo. Mtu mmoja amsimulie mgeni mambo mawili matatu yanayoendelea: yalianzaje, nani anayasimamia, yamekwama wapi. Robo saa hiyo ina faida kuliko nakala ya katiba. Katiba nyingi za vyama vyetu ziliandikwa ili msajili aridhike. Zinaeleza akidi, ukomo wa uongozi, na mali zitakwenda wapi chama kikivunjika. Hazielezi kwamba hakuna shughuli itakayofanyika mpaka mama mmoja asiye na cheo chochote aseme sawa. Kila mwenyeji analijua hilo. Mgeni atalijua siku atakapopeleka wazo lake kwa mwenyekiti, likapokewa kwa tabasamu, na lisisikike tena.

Mwaka 1970 mwanaharakati wa Marekani, Jo Freeman, alilichambua jambo hili katika hotuba iliyokuja kuwa makala mashuhuri. Alikuwa akizungumzia vikundi vya harakati za wanawake vilivyojivunia kutokuwa na viongozi wala taratibu. Hoja yake ni kwamba hakuna kikundi kisicho na muundo. Kuna kikundi ambacho muundo wake unajulikana na wote, na kuna kingine ambacho muundo wake unajulikana na marafiki wachache tu. Na katika hicho cha pili, aliyeingia jana ndiye anayebaki gizani akijiuliza maamuzi yalipitia wapi. Freeman aliwaambia hayo watu waliokataa vyeo. Sisi vyeo tunavipenda, tuna mpaka katibu msaidizi wa katibu msaidizi. Hata hivyo onyo lake linatuhusu, kwa sababu orodha ndefu ya vyeo nayo inaweza kuwa pazia.

Nani basi amweleze mgeni haya yote? Jibu la vyama vingi ni kwamba wote wamweleze. Mwenyekiti anasema mbele ya kikao: jamani, mkaribisheni mwenzenu, mwelekezeni. Agizo likitolewa kwa watu thelathini, kila mmoja anaamini wale ishirini na tisa wanalitekeleza. Wazee wa pwani na wa kusini walikuwa na utaratibu bora zaidi. Katika jando na unyago, mwari hakuachwa mikononi mwa jamii kwa ujumla. Alikuwa na kungwi wake, au somo wake, mtu mwenye jina na sura, na mwari akiharibu mbele ya watu baadaye, ilijulikana lawama zinakwenda kubisha hodi wapi. Uhusiano ule haukuisha siku ya kutolewa ndani. Sipendekezi tawi la wachangia damu liweke ngoma na siri. Ninachochukua pale ni jina moja la mtu, linaloandikwa kwenye daftari pembeni ya jina la mgeni. Tumwite mwenyeji wake.

Mwenyeji huyo asiwe mwenyekiti. Mambo ambayo mgeni anataka kuyajua wiki ya kwanza ni madogo mno kumpelekea kiongozi: fulana inalipiwa au inatolewa bure, ukikosa siku moja unaandika ujumbe au unanyamaza, ufunguo wa stoo unakaa kwa nani, yule kaka mkali ni mkali kweli au ndivyo alivyo. Maswali ya namna hii huulizwa kwa mtu wa rika lako mkiwa njiani kwenda kituo cha daladala. Skauti walilielewa hili tangu mwanzo. Kwenye kambi yake ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, Robert Baden-Powell, mwanzilishi wao, aliwagawa wavulana wapatao ishirini katika vikundi vinne, kila kimoja chini ya mvulana mwenzao. Mpango wa vikundi vidogo vinavyoongozwa na vijana wenyewe umebaki uti wa mgongo wa skauti mpaka leo. Mtoto mpya hafundishwi fundo na kamishna. Anafundishwa na mwenzake aliyelijua mwaka jana, ambaye bado anakumbuka lilivyomsumbua vidole.

Kumbukumbu hiyo ndiyo inayomfaa mwenyeji kuliko uzoefu wa miaka mingi. Aliyekaa chamani miaka kumi na tano amesahau kitu gani hakukijua alipoingia. Mwambie amwelekeze mgeni, atamsimulia historia ya waasisi, nani alimrithi nani, na mgogoro wa mwaka fulani kuhusu kiwanja. Yote mazuri, na yote yanaweza kusubiri. Aliyeingia mwaka jana atamwambia avae viatu vya kufunga, aje na maji yake, na asishtuke katibu akipaza sauti.

Anayeelekeza naye anapata kitu, na hapa kuna mfano ninaoupenda. Mwaka 1935, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alijikuta katika mji wa Akron, Ohio, safari yake ya biashara ikiwa imeharibika na kishawishi cha kunywa kikimwandama. Alitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, akaunganishwa na Dk Bob Smith, daktari wa upasuaji wa mji huo. Kutokana na maongezi yao ukazaliwa umoja wa Alcoholics Anonymous, ambao leo una vikundi katika nchi nyingi. Wilson hakwenda kwa Smith kama mwalimu. Alikwenda kwa sababu kuzungumza na mwenye shida ileile ndiko kulikomshikilia yeye mwenyewe asianguke. Desturi ya umoja huo, kwamba mgeni apate mtu aliyetangulia kidogo wa kushikana naye mkono, imejengwa juu ya hesabu hiyo ya pande mbili. Kwa chama cha kawaida hesabu ni ileile: mtu wa mwaka wa pili, ambaye ugeni wake umekwisha na uchovu unaanza kumnyemelea, ukimpa mgeni wa kumwelekeza unamshika na yeye. Anapolazimika kueleza kwa nini chama kinafanya jambo kwa namna fulani, mara nyingine anagundua hajui, anakwenda kuuliza.

Sasa kazi. Tuna methali ya mgeni na jembe la siku ya tatu, na watu huitaja kama utani kwa mgeni asiyetaka kuondoka. Mimi naiona kama ushauri mzuri wa utawala: siku mbili za kukaa zina mwisho wake, na mwisho wake ni kifaa mkononi. Ugumu ni kuchagua kifaa. Vyama hukosea huku na huku. Kimoja kinamkabidhi msichana wa wiki ya kwanza ukatibu wa kamati ya harambee kwa sababu anajua kompyuta, anazama. Kingine kinampa kubeba viti, wiki ya kwanza mpaka ya kumi.

Mtu aliyenisaidia kulifikiria hili ni Jean Lave, mtaalamu wa anthropolojia kutoka Marekani aliyekaa na mafundi cherehani wa Monrovia, Liberia, wengi wao Wavai na Wagola, katika miaka ya 1970. Baadaye, mwaka 1991, yeye na Etienne Wenger waliandika kitabu kifupi kuhusu jinsi watu wanavyojifunza kwa kushiriki. Lave aliona kwamba kijana anayejifunza ushonaji pale haanzi na mwanzo wa nguo. Anaanza na mwisho: kupiga pasi, kushona vifungo, kukunja pindo. Kisha anafundishwa kuunganisha vipande. Kukata kitambaa, ambako ndiko nguo inakoanzia, anakufikia mwishoni. Na nguo zenyewe huanza na zile za bei ndogo, za watoto na za ndani, ndipo suruali na suti zifuate.

Kuna akili mbili katika mpangilio huo. Ya kwanza ni ya mfuko: pindo likikunjwa vibaya linafumuliwa, kitambaa kikikatwa vibaya kimekwenda. Ya pili ndiyo inayonivutia zaidi. Anayeshona vifungo ana shati zima mikononi. Anaona kola ilivyokaa, mkono ulivyounganishwa, mshono ulivyofichwa. Kazi yake ni ndogo, lakini inampitisha juu ya kazi nzima, na siku atakapopewa mkasi atakuwa anajua kipande anachokata kinakwenda kukaa wapi. Kubeba viti hakumwonyeshi mtu kitu. Kuna kazi ndogo zinazofungua chama na kazi ndogo zinazokificha, na kiongozi anayepanga mapokezi anapaswa kuzitofautisha.

Chukua tawi la Msalaba Mwekundu linalotoa huduma ya kwanza uwanja wa mpira. Wapo wenye mafunzo watakaokimbia na machela, na mgeni hawezi kuwa mmoja wao. Mpe daftari: aandike kila aliyehudumiwa, saa ngapi, alikuwa na shida gani, nani alimhudumia, alielekezwa wapi. Baada ya mechi mpe sanduku ahesabu bendeji, glavu na pamba zilizobaki, aandike kilichopungua. Kabla hajagusa mgonjwa hata mmoja atakuwa ameshajua kwamba wengi wanaoletwa wamezimia kwa jua na njaa, kwamba glavu huisha kabla ya vitu vingine, kwamba dada fulani ndiye anayeitwa jambo likiwa zito. Na daftari lisipoandikwa, taarifa ya tawi haipo. Siku asipofika, mtu atauliza.

Baadhi ya klabu za Rotary za Marekani zina utaratibu unaofanana na huo, kwa beji. Mwanachama mpya huvaa yenye rangi tofauti mpaka atimize orodha ya mambo kadhaa: ahudhurie kikao cha kamati, aeleze wenzake shughuli anayofanya maishani, asimame mlangoni siku ya kikao kuwasalimu wanaoingia. Hili la mlangoni nililiona la ajabu kidogo, mgeni kuwapokea wenyeji, mpaka nilipolifikiria. Anayesimama mlangoni anashika mikono yote na kusikia majina yote, na hakuna anayeweza kupita bila kumwona. Rotary yenyewe ilianzishwa Chicago tarehe 23 Februari 1905 na mwanasheria Paul Harris, mtu aliyekulia mji mdogo na aliyeuona mji mkubwa umejaa watu na hauna marafiki; ilifika Nairobi mwaka 1930. Huenda chama kilichozaliwa na upweke wa mgeni kina sababu ya kukumbuka mlango.

Kuna maelekezo ambayo hayawezi kusubiri kazi ndogo, nayo ni yale yanayohusu jina la chama. Msalaba Mwekundu una misingi saba iliyotangazwa Vienna mwaka 1965, mwaka uleule chama cha Kenya kilipoanzishwa kwa sheria. Cha Tanzania kilikuwa kimetangulia mwaka 1962. Misingi yenyewe ni ubinadamu, kutobagua, kutoegemea upande, uhuru, huduma ya kujitolea, umoja, na kuwa wa dunia nzima. Kwa kawaida misingi hii hufundishwa siku ya kwanza kwa kukaririshwa, na mgeni huikariri kama alivyokariri madhumuni ya somo shuleni, na husahau kwa kasi hiyohiyo. Ingefaa aelezwe kwa mfano wa jirani. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Msalaba Mwekundu wa Kenya ukawahudumia katika kambi, mojawapo ikiwa kwenye uwanja wa maonyesho wa Eldoret. Wafanyakazi na waliojitolea walikuwa na makabila yao na kura zao kama watu wengine. Kilichowawezesha kupita kwenye vizuizi vya barabarani ni imani ya watu kwamba kizibao kile hakina upande. Mgeni akiisikia habari hiyo, ataelewa bila kukaripiwa kwa nini haruhusiwi kuvaa kizibao kwenye mkutano wa kampeni, wala kumwazima shemeji yake, na kwa nini alama ile inalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949. Kanuni ikija na sababu yake inakaa.

Halafu pesa. Hapa vyama vyetu vina aibu, na aibu hiyo inawagharimu watu wazuri. Kijana anajiunga akiwa hana ajira. Amesikia kwamba wakija wafadhili kuna semina, na kwenye semina kuna posho. Anataka cheti cha kuambatanisha na barua za maombi ya kazi. Anatumai nauli itarudishwa, kwa sababu daladala mbili kwenda na mbili kurudi ni pesa. Hakuna anayemwambia lolote, naye haulizi, maana kuuliza habari ya posho kwenye chama cha kujitolea ni kama kuuliza bei ya chakula msibani. Wiki ya sita anagundua kwamba semina ile walikwenda watu watatu na majina yao hayakutangazwa. Hapo hakuna hotuba ya uzalendo itakayomrudisha.

Mambo haya yasemwe siku ya kwanza, kwa sauti ya kawaida na kwa tarakimu. Nauli inarudishwa au hairudishwi, kiasi gani, kwa siku zipi, inasainiwa wapi. Posho ikitokea inagawanywa kwa utaratibu gani na nani anapanga majina. Cheti kinatolewa baada ya saa ngapi za kazi. Msingi wa huduma ya kujitolea wa Msalaba Mwekundu unakataza tamaa ya faida. Haumtaki mtu maskini alipe kutoka mfukoni ili aweze kuwa mwema. Tofauti ya mambo hayo mawili inaelezeka kwa dakika tano, na chama kisichoieleza kinaacha umbea uieleze.

Wala mtu asiaibishwe kwa kilichomleta. Wataalamu wawili wa siasa, Peter Clark na James Q. Wilson, waliandika mwaka 1961 kwamba vyama huwavuta watu kwa mambo ya namna tatu: faida ya mali, raha ya kuwa pamoja na wenzako, na lengo ambalo mtu analiamini. Nyongeza yangu ni kwamba kinachomleta mtu na kinachombakisha ni nadra kuwa kimoja. Vyama vya ngoma ya beni vilivyoenea pwani na bara tangu miaka ya 1890 viliwavuta vijana kwa sare, tarumbeta na vyeo vya kifalme na vya kijeshi. Wakishaingia walijikuta pia wana wa kuwazika na wa kuwachangia. Aliyekuja kwa ajili ya cheti anaweza kuwa mtu wa kutegemewa miaka kumi ijayo, mradi wiki zake za kwanza zimpe kitu kingine cha kushika.

Swali la sherehe nalo lina uchambuzi wake. Vyama vingi vinaiweka mwanzoni, siku ya kwanza, kabla mgeni hajafanya chochote. Skauti huiweka baadaye: mtoto kwanza ajifunze ahadi, kanuni, saluti, mafundo, ndipo aape na kuvishwa skafu. Nakubaliana na skauti. Sherehe ya siku ya kwanza inampongeza mtu kwa kufika. Ya baada ya miezi miwili au mitatu inamtambua kwa alichofanya, na wenyeji wanaopiga makofi wanajua wanampigia nani.

Hata hivyo kuna mteremko hapa. Ukishasema mgeni apitie kitu kabla ya kukubaliwa, watatokea wanaotaka apitie mateso. Tunawajua: kwaya inayomnyima mpya maiki mwaka mzima, klabu ya chuo inayowafanya wapya watambae. Hutetea tabia hiyo kwa kusema kinachopatikana kwa shida hupendwa, na kwa bahati mbaya wana ushahidi kiasi. Mwaka 1959 Elliot Aronson na Judson Mills walifanya jaribio Marekani na wanafunzi wa kike walioomba kujiunga na kikundi cha majadiliano. Baadhi walipitishwa kwenye mtihani wa kuwaaibisha, wakilazimika kusoma maneno ya matusi kwa sauti mbele ya mtafiti; wengine mtihani mwepesi; wengine hawakupewa mtihani. Kisha wote walisikilizishwa majadiliano ya kikundi hicho, yaliyotengenezwa makusudi yawe ya kuchosha. Walioaibishwa zaidi ndio waliosema majadiliano yalikuwa mazuri.

Watetezi wa mateso huishia hapo. Wangesoma tena: majadiliano yalikuwa mabovu. Mateso hayakukiboresha kikundi hata kidogo. Yaliwaondolea wapya uwezo wa kuona ubovu wake. Kwa chama kinachotaka kujirekebisha, hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu macho ya mgeni ndiyo pekee yanayoona kwamba kikao kinaanza saa moja na robo baadaye kila wiki, kwamba risiti hazionyeshwi, kwamba akina mama wanapika siku zote na hawasemi kamwe. Baada ya mwaka naye atakuwa amezoea. Mwezi wa tatu ni wakati mwafaka wa mwenyeji kumketisha na kumuuliza nini kimemshangaza hapa, na kuandika majibu bila kujitetea. Huo si utaratibu mgumu, lakini unahitaji viongozi wanaovumilia kusikia habari za risiti kutoka kwa mtoto wa juzi.

Pingamizi la wakongwe nalijua: sisi hatukuelekezwa na mtu, na tupo. Ni kweli wapo. Wasioonekana ni wale walioingia pamoja nao na wakatoka kimya, na hao hawana mwakilishi kwenye kikao. Wakongwe wana hoja nyingine iliyo nzito zaidi, kwamba kazi hii ya kushikana na wageni inakula muda wa kazi yenyewe. Hapo wana haki. Mwenyeji anayemwelekeza mtu kwa miezi mitatu anatoa muda ambao angeutumia kwa wagonjwa, miti au watoto wa kituo. Ndiyo maana naona chama kipange idadi ya kupokea kulingana na wenyeji kilio nao, badala ya kufungua milango na kusubiri nani atabaki.

Jambo hili linabana zaidi baada ya maafa. Mafuriko yakipiga, watu arobaini hufika tawini asubuhi moja wakitaka kusaidia, wote wakiwa na nia safi. Waandikishwe wote, wapewe kazi ya siku hiyo chini ya macho ya mtu mzoefu, wapewe maji, warudi salama. Kuingia chamani ni suala jingine. Tawi lenye watu wanane wanaoweza kuwa wenyeji lichukue wanane, na waliobaki waelezwe waziwazi kwamba zamu yao ni Aprili au Julai, kwa tarehe. Baadhi hawatarudi. Lakini katika wale wanane wa kwanza, hata wakibaki watano tu, mwaka unaofuata tawi lina wenyeji kumi na watatu.